Kabati la Mbele na Jembe la Mtani

Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa Umoja,
kupitia Stesheni ya Bukene.
6 Agosti 1974

Kwa Mtunza Masijala,
Kituo cha Kifua, Tabora.

Ndugu,

YAHUSU: FAILI LA MGONJWA LEONIA MAYALA

Mimi ni muuguzi wa zahanati hii mpya. Tangu watu wahamie hapa kutoka vitongojini tumepokea wagonjwa wa kifua ambao zamani walitibiwa kwenu. Mmoja wao ni Bibi Leonia Mayala. Alipokuwa akitibiwa Tabora alipewa sindano na vidonge siku moja, na ngozi ikambabuka mwili mzima, nusura afe. Mganga wenu alimwambia kuwa dawa mojawapo ni sumu kwake, asiitumie tena maisha yake yote. Ni ipi, hajui. Hajui kusoma, na anachokumbuka ni kwamba mganga alikuwa na miwani.

Daktari wa wilaya ameniamuru nisimpe sindano wala kidonge mpaka nione faili lake. Dawa zote mbili ninazo hapa kabatini. Mgonjwa ameanza kukohoa damu.

Naomba nakala ya faili kwa treni ya kwanza itakayokuja.

Ndimi katika ujenzi wa Taifa,
Koleta Hilari,
Muuguzi.


Masijala, Kituo cha Kifua,
Tabora.
15 Agosti 1974

Ndugu Koleta Hilari,

Assalaam aleikum, au kama wewe ni wa kanisani, Tumsifu Yesu Kristo. Sisi watu wa Tabora tunajibu zote mbili. Barua yako nimeipokea, na ombi lako limeingia kwenye utaratibu.

Kwa kuwa u mgeni katika kazi, acha nikueleze utaratibu wenyewe. Mafaili yote yanakaa stoo, nyuma, kwenye chumba cha mawe cha enzi za Mjerumani. Zamani mgonjwa akija, karani alikwenda mpaka huko, akapanda ngazi, akarudi na vumbi kichwani, na mgonjwa mwenyewe keshalala kwenye benchi. Mimi ndiye niliyebuni kabati la mbele. Mdogo wangu Abbasi, fundi seremala, alilichonga kwa mninga mtupu, na ukilipiga kofi linaita. Faili likitoka stoo linaingia kwanza kabatini, hapo mlangoni. Mgonjwa wa mjini akirudi wiki ijayo kwa sindano yake, faili linamngoja, naye hakai hata kidogo. Wageni wametoka Mwanza kuja kulitazama.

Basi faili la mgonjwa wako litatoka stoo, litaingia kabatini, litangoja zamu ya kunakiliwa na Bibi Sikuzani, mpiga chapa wetu, litarudi kabatini likaguliwe, kisha nakala itakuja kwenu. Siku hizi kabati limejaa, maana kila kijiji kipya kinaomba mafaili, na faili jipya haliingii mpaka moja la zamani lirudishwe stoo. Kwa hiyo nakuomba subira, ambayo huvuta heri.

Halafu nimeona umeandika kutoka Bukene. Kumbe Mnyamwezi. Mimi ni Mzaramo wa Tabora. Babu yangu alikuja na msafara kutoka pwani akaonja asali ya huku, hakurudi tena. Kwa hiyo wewe ni mtani wangu, na ninashangaa sana kuona Mnyamwezi ameandika barua nzima bila kutaja viazi, chakula cha kwenu.

Wako katika kazi,
Twalibu Saidi,
Mtunza Masijala.


Bukene,
22 Agosti 1974

Kwa Mzaramo Twalibu Saidi,

Kumbe ni mtani. Basi shikamoo, hiyo ni ya umri wako, na baada ya hapo heshima imekwisha.

Babu yako hakuja na msafara, alikuja juu ya msafara. Babu zetu walibeba pembe kutoka huku mpaka baharini wakarudi na majora ya nguo, na wa kwenu walibebwa pamoja na ngoma zao. Na ungemuuliza babu yako, angekuambia kitu kimoja alichokiona akiwa huko juu. Mpagazi wa Kinyamwezi hautui mzigo njiani. Akichoka anauegemeza kwenye mti, yeye akiwa bado chini yake, anapumua, anaendelea. Anajua kwamba mzigo ukishagusa ardhi, kuuinua ni kazi upya. Ninyi mmechonga kabati zima kwa ajili ya kutulia mizigo. Mnautoa stoo mnautua, mnauinua mnautua kwa Sikuzani, mnauinua tena mnautua palepale ulipokuwa, kisha mnaita wageni kutoka Mwanza waje kutazama.

Unajua kazi ya mtani msibani. Ndiye anayechimba kaburi. Basi tafuta jembe, Twalibu, jembe zuri, maana utakuja kumchimbia Leonia Mayala hapa Bukene, na udongo wetu wakati huu wa kiangazi ni mgumu.

Koleta Hilari.


Tabora,
2 Septemba 1974

Mtani wangu Koleta,

Marahaba, marahaba sana. Nilipoisoma barua yako nilicheka mpaka Bwana Justus, mkuu wetu, akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Nikamsomea palepale pa babu kubebwa na ngoma. Yeye Mhaya, hana utani na mtu, lakini alitabasamu upande mmoja.

Nimekuwa katika masijala hii miaka mingi na sijapata kuandikiwa barua namna hiyo. Zote huanza na Yahusu na kuisha na ujenzi wa Taifa. Wewe una ulimi wa bibi zako, waliokuwa wakiwatukana Wazaramo kutoka Kwihara mpaka Bagamoyo bila kurudia tusi.

Kuhusu jembe usiwe na wasiwasi. Nimekwenda sokoni nikanunua, la chuma kizito, halijaona udongo. Nimelitundika nyuma ya kabati ili ukisikia nimekufa mimi kwanza, wewe uje ulichukue unizike nalo, maana Mnyamwezi hakosi nguvu, hukosa akili tu.

Faili lako linakwenda vizuri. Limeshaandikwa kwenye orodha ya kutoka stoo na sasa linangoja nafasi kabatini. Mbele yake kuna ya Urambo na ya Ulyankulu.

Mtani wako,
Twalibu.


Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa Umoja,
Bukene.
17 Septemba 1974

Kwa Mtunza Masijala,
Kituo cha Kifua, Tabora.

Ndugu,

YAHUSU: FAILI LA MGONJWA LEONIA MAYALA, UKUMBUSHO

Rejea barua yangu ya tarehe 6 Agosti. Mgonjwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Naomba nakala ya faili.

Ndimi katika ujenzi wa Taifa,
Koleta Hilari,
Muuguzi.


Tabora,
Alhamisi, 26 Septemba 1974

Koleta, mwanangu,

Nakala unayo mkononi, imefungwa pamoja na barua hii. Isome kwanza, mimi nitakungoja.

Sasa nisikilize. Barua yako fupi ilipofika nilidhani umenuna. Nikaipeleka nyumbani nimwonyeshe mke wangu, Kuluthumu, pamoja na ile ndefu, nikamwambia tazama, mtani wangu alikuwa mtamu hivi na sasa amekuwa ofisi. Tulikuwa tumefuturu. Alizisoma zote mbili, akaniuliza nimecheka nini. Nikamsomea pa jembe. Akasema, "Baba Mussa, mtani humtakia kifo mtani wake. Angekuambia utazikwa wewe. Huyu kataja kaburi la mgonjwa. Wapi ulipoona mtu akitania kwa roho ya mtu wa tatu?" Chai ilinishinda, na mimi kwa chai ya magharibi sijapata kushindwa.

Naona haya, Koleta. Ulinililia na mimi nikakupigia makofi.

Leo asubuhi nilikaa mbele ya kabati langu nikalitazama kama mgeni wa Mwanza. Nikatoa faili moja moja na kujiuliza huyu atarudi lini. Wa Urambo ameombwa mara moja, nakala imekwenda, hataitwa tena. Wa Ulyankulu vilevile. Wa Nzega, wa Igunga, wote vilevile. Wamejaa kabatini kama wageni wa arusi ambao wameshakula hawataki kuondoka. Na wagonjwa wangu wa hapa mjini, wale wanaorudi kila wiki, mafaili yao yamesukumwa yakarudi stoo, kwa hiyo karani anapanda ngazi tena na benchi limejaa tena. Lile kabati nililibuni kwa ajili ya watu wanaorudi. Ninyi wa vijijini faili lenu linahitajika mara moja tu, na kulipitisha humo ni kuwachelewesha ninyi na kuwasumbua wao.

Nikakumbuka mzigo wako ulioegemezwa kwenye mti. Stoo ina mlango wa nyuma unaotazama kichochoro cha kwenda stesheni. Haujafunguliwa tangu Mjerumani, lakini Abbasi alikuja na nyundo. Nilimbeba Bibi Sikuzani na mashine yake, yaani mashine niliibeba na yeye alitembea, tukaweka meza palepale stoo. Faili limetoka kwenye rafu, likanakiliwa, nakala ikaingia kwenye bahasha, na bahasha nimeikabidhi kwa mkono wangu kwa Masele, gadi wa treni ya Mwanza. Faili halikuona kabati hata kwa dirisha.

Mpe dawa mgonjwa wako. Mwambie Mzaramo anaomba radhi.

Twalibu.


SIMU
KUTOKA TABORA STESHENI
IJUMAA 27 SEPTEMBA 1974
KWA NESI KOLETA UMOJA BUKENE

USIMPE LEONIA DAWA YOYOTE. KARATASI YAKE MOJA ILIBAKI KABATINI. INAKUJA. TWALIBU


Tabora,
Ijumaa, 27 Septemba 1974

Koleta,

Naandika haya nikiwa stesheni. Omba Mungu simu yangu iwe imekutangulia.

Ni kosa langu na ni la kijinga. Mganga akiandika karatasi mpya, haiendi stoo. Inawekwa kwenye trei ya juu ya kabati, na kila Ijumaa Bibi Sikuzani anazishona karatasi za wiki kwenye mafaili yake. Sasa kabati lilipofurika, tulirudisha mafaili stoo haraka haraka, na karatasi zao zikabaki kwenye trei zikingoja mgonjwa mwenyewe arudi. Jana kwa furaha ya kulipita kabati nililipita kabisa, sikuliuliza kama lina kitu cha Leonia. Leo Sikuzani kakaa kushona, akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake. Alikuwa ameshika karatasi yenye jina alilolipiga chapa jana tu, la mgonjwa wako. Ndiyo ya mwisho, ndiyo ya mganga mwenye miwani.

Nimeifunga humu, ile yenyewe, si nakala. Inasema vidonge ndivyo vilivyombabua. Sindano haina neno kwake.

Treni inaingia, nakwenda kumkabidhi gadi.

Twalibu.


Bukene,
2 Oktoba 1974

Mtani,

Keti ndipo usome.

Faili lilifika Ijumaa asubuhi. Nililisoma nikiwa nimesimama. Mahali pamoja mganga ameandika kuwa baada ya sindano mkono ulivimba na mgonjwa akalalamika. Baada ya hapo hakuna kitu. Nikasema basi, adui ni sindano. Nikahesabu vidonge, nikachota maji kikombeni, nikamwinua mgonjwa nikamwegemeza begani kwangu. Vidonge vilikuwa kwenye kiganja chake. Alikuwa akinung'unika kwamba kikombe kinanuka samaki, na kwa kweli kilikuwa kinanuka.

Unamfahamu Kasimiri, stesheni masta wetu? Humfahamu, basi mimi nakuambia. Ni mtu ambaye hajapata kuonekana akifanya haraka, hata treni ikiwa inamngoja yeye. Siku hiyo aliingia zahanati na baiskeli yake mpaka ndani, bendera ya kijani imebanwa kwapani, akapita katikati ya akina mama na watoto wao, akanisomea simu yako kwa sauti ya kutangaza treni. Nikakiziba kiganja cha mgonjwa kwa mkono wangu. Kidonge kimoja kilikuwa kimeshafika mdomoni. Nilikitoa kwa kidole kama unavyomtoa mtoto jiwe, naye akaning'ata.

Karatasi yako ililetwa na treni ya kesho yake. Jumamosi hiyohiyo nilimpiga sindano ya kwanza. Leo amekula uji akauliza kwa nini hauna karanga.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Leonia Mayala ni mama yangu mzazi. Wakati anatibiwa Tabora alikaa kwa mama mdogo, na mimi nilikuwa chuo cha uuguzi, sikujua wala sikuuliza dawa zake. Nisingeliandika hilo katika barua yoyote. Hapa kijijini tunaambiwa kila siku kuwa hakuna wa kwangu na wa kwako, na mimi naliamini hilo, Twalibu, si la mdomoni. Nina wagonjwa wengine wa kifua hapa ambao mama yao si nesi. Nilitaka faili lije kwa sababu ni la mgonjwa. Lakini usiku nilikuwa nikilala chini karibu yake nasikiliza kifua chake, na nilikuchukia wewe na kabati lako na fundi aliyelichonga. Sasa sikuchukii. Nakupenda kwa ile simu, na kwa mlango uliouvunja.

Naogopa kitu kimoja tu, usije ukaufunga tena huo mlango kwa hofu ya kosa la karatasi. Wagonjwa wangu wengine bado wanangoja.

Mtani wako, na safari hii ni mtani kweli,
Koleta.


Tabora,
22 Oktoba 1974

Mwanangu na mtani wangu Koleta,

Barua yako niliisoma nikiwa nimeketi kama ulivyoamuru, na Kuluthumu akasimama nyuma yangu akiisoma begani. Tulipofika pa kiganja alinishika shingo akanikaba, hakujua kama ananikaba. Mama yako, na wewe hukusema. Mimi ningeandika kwa wino mwekundu kila mstari.

Mlango haujafungwa. Nimeutia bawaba mpya.

Nilivyofanya ni hivi. Faili la mjini, la mtu anayerudi kila wiki, linakaa kabatini kama zamani. Faili la mbali linalotakiwa mara moja linatoka stoo moja kwa moja mpaka kwenye bahasha ya gadi. Ila kabla sijaligusa nakwenda kwanza kwa kabati, navua kofia, nauliza: una chochote cha huyu? Kama trei ina karatasi yake, inashonwa kwanza, papo hapo, hakuna cha Ijumaa. Kulipita kabati ni ruhusa, kulipita bila kuliaga ndiko kulikotaka kutuulia mama.

Bwana Justus alinikuta stoo nimekaa juu ya sanduku nakagua nakala. Akataka nimweleze kwa nini naruka utaratibu nilioubuni mwenyewe. Nikamwambia aliyeubuni ndiye mwenye haki ya kuuonea aibu. Hakupendezwa. Akasema kanuni ni kanuni, na akanipa muda mpaka baada ya Idd, na mambo yakiharibika mlango utajengewa matofali na mimi nitajengewa humo ndani.

Basi siku ya kwanza baada ya Idd, bado nina pilau ya Kuluthumu tumboni, Bwana Justus akatoka ofisini akasimama barazani. Benchi tupu. Akatazama saa. Akatoka mpaka barabarani kutazama kama wagonjwa wamegoma. Akarudi kuniuliza watu wako wapi. Nikamwambia wameshapigwa sindano wamekwenda zao nyumbani, maana mafaili yao yalikuwa kabatini yakiwangoja, hakuna mgeni aliyekalia kiti chao. Kisha akasema mlango wa nyuma upakwe rangi. Koleta, miaka yote niliyofanya kazi na mtu huyu, hayo ndiyo matamshi yake matamu kuliko yote.

Masele gadi sasa ana mfuko wake maalumu, na gadi wa treni ya Kigoma naye kadai wake kwa wivu. Urambo wamepata mafaili yao yote. Ulyankulu, kwa ndugu zetu waliokimbia Burundi, wamepata pia. Muuguzi wao kaandika shukrani kwa Kirundi, hatukuelewa neno, lakini tuliielewa. Wageni wa Mwanza wamerudi, na safari hii nimewapitisha nyuma. Mmoja aliuliza hili wazo nimelitoa wapi. Nikamjibu kwamba nilitukanwa na Mnyamwezi.

Orodha ya wagonjwa wako wengine nitumie leo, usingoje kesho. Na mama mpe karanga kwenye uji.

Twalibu.

Jembe bado liko nyuma ya kabati. Mwenye duka kakataa kulirudisha. Kuluthumu anasema jembe la mkosi, lisiingie nyumbani kwake. Sijui nilifanyeje.


Tabora,
18 Novemba 1975

Mtani Koleta,

Nakuandikia haraka ili barua hii ipande treni moja na mama yako, na ukimwona anashuka ujue kabisa kwamba nimeibiwa.

Jana asubuhi niko masijala, nikasikia zogo barazani. Mama mmoja anaingia na debe kichwani. Mwenye zamu anamwambia tua mzigo, mama, ukae benchini. Yeye anajibu, "Nitautua kwa mwenyewe." Akapita benchi, akapita mlango wa Bwana Justus, Justus mwenyewe kasimama ukutani kumpisha, akaja mpaka mezani kwangu na debe lake halijayumba. Hakuniamkia. Akasema, "Wewe ndiye Mzaramo uliyeninunulia jembe?"

Nikasimama. Nikasema, "Ndiye mimi, mama. Shikamoo." Akasema, "Marahaba. Nimekuja unizike." Watu wote barazani wakageuka. Kisha akaanza kucheka, Koleta, kicheko kirefu cha tumboni, na mimi mtu wa masijala ya kifua nilikuwa nikikisikiliza kile kicheko kama mganga, nangoja pale kitakapokatika kikawa kikohozi. Hakikukatika. Kilikwenda mpaka mwisho wake.

Debe lilikuwa la asali. Aliniwekea mbele ya meza, ndiyo mara ya kwanza kugusa chini tangu alipoteremka treni. Nikampeleka kwa mganga, yuleyule wa miwani. Alikwenda na picha ya kifua chake mpaka dirishani, akaitazama kwenye jua, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema, "Mama, umepona. Nenda kalime."

Basi mama yako ni mtu wa kushika neno. Alirudi kwangu moja kwa moja. Akalizunguka kabati, akalipiga kofi kusikia linavyoita, akasema ni zuri, kuku wangetaga vizuri humo. Akapeleka mkono nyuma akatoka na jembe. Akalipima mpini, akasema mpini huu umechongwa na mtu aliyezoea kupiga ngoma. Nikamwambia, mama, hilo ni mali yangu, nimelinunua kwa mshahara wangu. Akaniambia, "Ni la kwangu. Ulilinunua kwa jina langu. Mvua zinakaribia, na mimi sitalima kwa mkono." Sasa unajua sheria. Mtani akichukua, hadaiwi. Akalitia begani akatoka kwa mlango wa mbele, watu wa benchi wakasimama mmoja mmoja kumpisha, na akina mama wawili wakapiga vigelegele bila kujua wanamshangilia nini.

Alipofika barazani nililia. Nakuambia mimi mwenyewe kwa sababu Kuluthumu atakuandikia.

Shamba lake likiota niarifu.

Twalibu bin Saidi, aliyeporwa.


Bukene,
30 Novemba 1975

Mtani,

Jembe limefika, na aliyelibeba amefika. Kasimiri alimpigia bendera ya kijani kutoka stesheni mpaka njia panda, treni ikamngoja. Mpini tumeutupa, nina hakika ulitarajia. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, na alfajiri ya jana mama alikuwa shambani kabla ya kijiji kizima, analima peke yake na kuimba, na mimi nimesimama mlangoni mwa zahanati nasikia kila neno la wimbo kutoka huko mbali. Kifua kile kile nilichokuwa nikikisikiliza sakafuni. Nilikaa kizingitini nikasikiliza mpaka wagonjwa wakaanza kunung'unika.

Amepanda karanga. Anasema zikivunwa utapata debe zima. Nikamwambia nitampa Masele azilete kwa treni moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma. Amekataa kabisa. Anasema kwa Mzaramo yule zipite kwanza kabatini, azingoje kidogo.

Mtani wako,
Koleta.